Ufadhili wa Nélida Gaspardi

Potrero Guavirá, Caazapá, Paraguay
20 Februari 1994

Kaka Crispín,

Kaa kwanza ndipo usome, maana maneno ni mengi na mgongo wako naujua. Sisi huku wazima, kwa kiasi cha uzima wa watu wa umri wetu. Mvua imekataa tangu Krismasi, muhogo umetoka mwembamba kama vidole vya padri, na ng'ombe mweupe amezaa dume tena, utadhani tulimwomba. Wenceslao analalamika magoti kutwa kucha. Jumapili ikifika saa ya karata magoti yanapona, nami humwambia huo ni muujiza wa Bikira, naye ananiita mwehu. Hiyo ndiyo ndoa yetu, na bado ipo.

Lourdes amemaliza sekondari. Wa kwanza, kaka, katika watoto arobaini, na wengine wao baba zao wana malori. Unajua tangu Estela wangu afariki mjukuu huyu nimemlea mimi. Anataka kusomea ukunga. Anasema hataki mwanamke mwingine afe kama mama yake alivyokufa, mkunga yuko kilomita thelathini na barabara yote ni tope. Aliposema hivyo nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Rufino, kijana wa jirani yangu doña Pabla, amerudi kutoka huko kwenu ng'ambo ya mpaka alikokuwa anabeba tofali. Akasema dukani, mbele za watu: "Mzee Crispín? Mji mzima unamvulia kofia! Ana ufadhili wake. Kila Desemba mwanafunzi mmoja anachaguliwa, mzee anamsomesha chuo Rosario mpaka anamaliza." Nikamwambia, "Wewe umelewa, huyo ni Crispín mwingine." Akasema, "Ni huyo huyo, fundi Villasanti, mwenye sikio lenye pengo." Hilo sikio nililikata mimi kwa jembe tukiwa watoto, sitalisahau.

Watoto kumi na tisa, Crispín! Rufino anasema kuna walimu, kuna daktari wa meno. Na mimi wa tumbo moja na wewe nakuja kusikia dukani, nimeshika chumvi mkononi.

Sikukasirika. Nimekasirika kidogo. Lakini sitaki maelezo, nataka kitu kimoja tu: mwaka huu mwanafunzi awe Lourdes. Huku hakuna njia nyingine, nimeshazunguka kote.

Na huyo Nélida ambaye ufadhili umepewa jina lake ni nani? Rufino hakujua. Kama ulikuwa na mchumba huko ukamficha miaka yote hii, niambie tu, nimeshapita umri wa kushtuka.

Dada yako,
Digna


Colonia Sanpietro, Santa Fe
17 Aprili 1994

Mdogo wangu Digna,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema Machi. Nilikuwa na kazi ya ukuta wa makaburi, halafu kifua kikanibana. Daktari anasema ni saruji niliyovuta miaka arobaini. Ameniambia niache kazi. Nimeiacha Jumatatu na Jumanne.

Hapa mvua imezidi, kama mngependa niwatumie. Baridi inaanza. Wenyeji wanakunywa chai yao ya majani ikiwa moto asubuhi hadi jioni na bado wananishangaa ninavyokunywa tereré yangu, majani hayo hayo kwa maji ya barafu, mpaka Juni. Wamenishangaa tangu nifike, hawachoki. Mimi ndiye niliyechoka, Digna, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha.

Nimefurahi sana kuhusu Lourdes. Mwambie hivyo. Nimempa dereva wa basi la Encarnación kitambaa cha sufu, Lourdes ashonewe koti.

Kuhusu ufadhili, haiwezekani. Ni wa watoto waliomaliza shule hapa mjini. Ndivyo ilivyoandikwa tangu mwanzo. Na mimi sichagui mtu. Anayesoma barua za waombaji ni doña Herminia Gaspardi, mjane wa hapa. Mimi siku ya sherehe nakaa kwenye kiti nilichopewa, basi.

Msalimie Wenceslao na magoti yake.

Kaka yako,
Crispín


Potrero Guavirá
9 Mei 1994

Crispín,

Kitambaa kimefika, kizuri, ahsante. Tumemaliza sikukuu ya Msalaba salama. Tuliutundikia msalaba wa Mama chipa, mikate yetu ya muhogo na jibini, kama kawaida, na watoto wa jirani wakaja kuziiba kama kawaida. Lourdes ndiye aliyezioka. Siku hizi anaoka kila siku, anajaza kapu, anakwenda kusimama barabarani basi zinaposimama. Ana sauti nzuri ya kuuzia. Jana mwalimu wake wa kemia alikuwa ndani ya basi, akanunua mbili, akashindwa kumtazama usoni.

Nikuulize, kaka yangu. Mtoto wa mtu usiyemjua akikuletea barua nzuri unamsomesha. Damu yako ikikuomba unaiambia "ndivyo ilivyoandikwa". Imeandikwa na nani? Si wewe? Basi shika kalamu uandike vingine.

Nimesema na Wenceslao, akasema, "Mwache, kila mtu na yake." Nikamwambia, "Wewe nyamaza, wewe na magoti yako!" Lakini maneno yake yamenikaa. Wewe una yako, na sijui ni yapi. Tangu mwaka ule tulipotembea pamoja hija ya Desemba kwenda kwa Bikira wa Caacupé hujarudi hata Desemba moja. Umekuja kumzika baba Machi, kumzika Mama Agosti. Desemba, hapana. Nilikuwa nasema ni kazi. Kwani huko hamna Krismasi?

Na swali langu kuhusu Nélida umeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Kama wewe huwezi kuniombea, nitaomba mwenyewe. Kusoma na kuandika najua.

Digna


Colonia Sanpietro
2 Julai 1994

Digna,

Natumaini mko salama wote. Hapa nimelazwa siku nne, nimetoka.

Umefanya ulichofanya. Jumapili iliyopita, nimekaa jikoni nachemsha maji, nasikia mtu anaita langoni. Ni doña Herminia, mama wa miaka sabini na moja, amevaa kofia ya kanisani, na barua yako mkononi. Hakungoja hata nimkaribishe.

"Fundi," akasema, "wewe ni mtu wa namna gani? Una mjukuu wa dada yako anayeongoza darasa, anauza mikate barabarani, na miaka yote hii hujaniambia neno?"

Nikamwambia utaratibu ni watoto wa hapa.

"Utaratibu tulioutunga mimi na wewe juu ya meza yangu," akasema. "Naubadilisha leo. Hakuna mtu mjini atakayemnyima mtoto wa kwako, thubutu! Na chuo kikifungwa atakuja kukaa kwangu. Chumba cha Nélida kipo. Nakifagia kila Jumamosi, sijui namfagilia nani."

Nélida alikuwa binti yake. Sasa umejua.

Nilimwambia hapana. Alidhani ni haya, akacheka, akanipigapiga begani akaenda zake. Kasema atakuandikia. Akikuandikia, nakuomba umjibu kwamba Lourdes amepata mahali pengine. Niombe kitu chochote kingine. Nitauza kiwanja changu cha hapa, nitafanya nitakavyofanya. Lakini Lourdes asilale katika chumba kile.

Crispín


Potrero Guavirá
11 Agosti 1994

Kaka yangu mpendwa,

Pole kwa kulazwa. Kunywa majani ninayokutumia pamoja na barua hii, na usimwambie daktari. Baridi imetuulia nyuki wote. Rufino ameoa, harusi ya siku mbili, Wenceslao amecheza polka na magoti yake hayohayo. Lourdes alikuwa msimamizi wa bibi harusi na koti lake jipya, watu walimgeukia.

Doña Herminia ameniandikia. Kurasa nne. Sijawahi kupokea barua kama ile, niliisoma nimesimama na muhogo ukaungua. Ameweka na picha ya chumba: kitanda, dirisha, meza ya kusomea. Anasema binti yake alikufa kwa kuangukiwa na paa la nyumba mpya, akiwa na miaka kumi na minane. Anasema wewe ulipowarudia ulifukua kifusi kwa mikono yako, ukawajengea nyumba yote upya, na chumba cha mtoto humo, bila kupokea kitu. Anasema miaka ikapita, siku moja ukaenda kwake na fikra ya ufadhili, ukataka uitwe kwa jina la mtoto. "Kaka yako ndiye aliyenirudishia binti yangu," ndivyo alivyoandika.

Nimelia, Crispín. Nilikutania eti mchumba. Ungeniambia tu.

Sasa naona unavyojionea haya. Hutaki waseme fundi amejipendelea. Lakini mama huyu anamtaka mtoto, anamhitaji. Na Lourdes tangu asome ile barua haongei vingine. Amenunua daftari, ameandika jina lake juu na jina la chuo chini. Siwezi kwenda kumwambia hapana. Siwezi, na sitafanya.

Kuna jambo moja limenisumbua. Mama huyu anasema ilikuwa tarehe 8 Desemba 1961, na anamshukuru Mungu kwamba siku hiyo ulikuwa umesafiri, la sivyo na wewe ungekufa. Siku hiyo ulikuwa na mimi. Ulikuwa umekuja mbio mwaka ule. Nakumbuka kwa nini ulikuja mbio.

Nakuacha hapa, taa inavuta moshi.

Dada yako,
Digna


Colonia Sanpietro
4 Septemba 1994

Digna,

Salamu nitaziweka mwisho, nikifika.

Mwaka 1961 nilikuwa nawajengea Gaspardi nyumba, kazi yangu ya kwanza kama fundi mkuu. Nélida alikuwa anasomea mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti huku anatembea. Vijana wangu, Waparaguay watupu wasiojua kuandika majina yao, walikuwa wanachanganya mchanga huku wanataja mito ya Ulaya.

Zege la paa tulilimwaga tarehe 20 Novemba. Paa kama lile linakaa juu ya mirunda, ile miti inayolishikilia mpaka liive, siku ishirini na nane. Ukibanwa sana, ishirini na moja. Pungufu ya hapo fundi anayejua kazi hathubutu. Mimi nilijua kazi.

Nilibanwa. Nilitaka kupanda basi tarehe 2 Desemba. Nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani, ya nini haina maana tena. Nauli sikuwa nayo. Na huku desturi ni kwamba fundi halipwi sehemu ya mwisho mpaka mirunda itoke: mwenye nyumba anaingia, anasimama katikati, anatazama juu, nyama inachomwa hapo hapo chini ya paa jipya, na fundi anapewa chake mbele za watu.

Tarehe 1 Desemba don Eliseo, mume wa doña Herminia, aliniuliza: "Fundi, muda umefika?" Alikuwa mkulima, alinitegemea mimi. Nikamwambia, "Umefika."

Siku ya kumi na moja, Digna.

Tukatoa mirunda, paa likasimama. Vijana wakapiga mayowe. Tulikula chini yake watu kumi na watano, doña Herminia akaleta saladi ya viazi, Nélida akacheza na baba yake. Nilitazama juu mara moja, nikaona ufa mwembamba pembeni. Nikajiambia ni lipu. Lipu ilikuwa haijapigwa.

Desemba ya huku ni tanuri. Sehemu pekee ya baridi ilikuwa pale, chini ya lile zege bichi. Nélida akahamishiwa pale meza yake na vitabu. Tarehe 8 saa nane mchana paa likashuka. Saa hiyo mimi na wewe tulikuwa mbele ya kanisa la Caacupé, wewe unanicheka kwa malengelenge ya viatu vipya, mimi nakula chipa.

Niliporudi nikakuta kifusi. Polisi akaniuliza siku ngapi. Nikasema kumi na moja, kwa joto la Desemba zinatosha. Nani angebisha? Fundi ni mimi. Akaandika saruji mbovu. Doña Herminia anazijua hizo siku kumi na moja kama mimi, ila hajui maana yake, na kwa miaka thelathini na mitatu hakuna fundi aliyemweleza, kwa sababu mafundi wote wa mji huu nimewafundisha mimi.

Kila mwaka anapanda jukwaani pamoja nami. Ananishika mkono. Watu wanapiga makofi, nami natazama viatu vyangu. Nilidhani mwaka mmoja kati ya hiyo nitaona imetosha. Haukutosha hata mmoja.

Sasa unataka nimlaze mtoto wetu katika kitanda cha Nélida. Hilo siliwezi. Nitakwenda kwa doña Herminia nimwambie, nikipata pumzi ya kutosha. Baada ya hapo labda hakutakuwa na ufadhili wa mtu yeyote, wala wa Lourdes. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza. Atakayeumia ni mtoto wako, na hana kosa.

Wasalimie wote.

Crispín


Potrero Guavirá
2 Oktoba 1994

Crispín,

Nimeisoma barua yako ukingoni mwa kijito, ili asinione mtu.

Nitasema haraka. Usimwambie. Nakuomba kwa kaburi la Mama. Mtoto wa watu amekufa, hatafufuka kwa wewe kusema. Bibi huyo ana miaka sabini na moja, ana amani yake, unataka kumnyang'anya ili wewe upate usingizi? Na Lourdes je? Ukunga ni miaka minne. Miaka thelathini na mitatu umenyamaza bila mtu kukuomba. Sasa nakuomba mimi: nyamaza minne mingine. Ukimaliza hiyo sema utakavyo, mwambie padri, watangazie redioni. Mtoto wangu kwanza. Nimeshazika mmoja.

5 Oktoba

Sijaipeleka posta. Nimeyasoma niliyoandika hapo juu. Sitayachana. Yaache uyaone, umjue dada yako.

Umeandika ulikuwa na haraka ya kufika nyumbani, na ya nini haina maana tena. Ina maana. Nilikuandikia mimi, mwezi wa Novemba mwaka ule, kwamba Mama anakufa na asipokuona kabla ya sikukuu ya Bikira, tarehe 8 Desemba, hatakuona tena. Barua hiyo naikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa niliitunga siku mbili.

Mama hakuwa mgonjwa, Crispín. Alikuwa na mafua. Miaka minne ulikuwa hujaja, mimi nilibaki peke yangu na wazee, Wenceslao yuko kazi za mbali, Estela bado mchanga mgongoni, nikaona maisha yangu yanaisha pale kwenye kinu. Nilitaka tu kaka yangu aje tutembee pamoja kwenda Caacupé kama zamani. Nikaona uongo mdogo, ukifika utacheka. Na ulipofika hukusema kitu, nikadhani umenisamehe.

Siku tatu sili. Wenceslao anadhani ni ini. Lourdes ananipikia supu na ananipima joto la mwili kama mkunga kamili, nami siwezi kumtazama.

Fanya unavyoona. Nafuta nilichokuomba, ingawa nimekiacha kimeandikwa. Ukimwambia bibi huyo, mwambie na langu. Mwambie kuna mwanamke huku naye ana fungu lake.

Sijui nimalizie vipi. 

Digna


Colonia Sanpietro
20 Novemba 1994

Digna wangu,

Barua yako ilifika tarehe 24 Oktoba. Nilikuwa nimeshakwenda kwa doña Herminia. Nilikwenda mwisho wa Septemba, siku ya kwanza niliyoweza kutembea mitaa sita bila kukaa. Kwa hiyo ule upande wa kwanza wa barua yako haukunikuta, uhesabu kama hukuuandika.

Kuhusu Mama, nilijua. Niliposhuka kwenye basi nilimwona anafukuza kuku na fagio, anawatukana kwa sauti yake ile. Nilifurahi mno hata nikasahau kukasirika. Kwa doña Herminia sikulitaja, na sitalitaja. Wewe ulinitaka nyumbani, hiyo si dhambi ya kuua mtu. Aliyeulizwa kama muda umefika ni mimi, na aliyejibu ni mimi. Kwa hiyo kunywa supu ya mtoto na umtazame usoni.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Doña Herminia alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi, nikaanza na siku ishirini na nane, mirunda inafanya kazi gani, na kwa nini. Alidhani nimekuja kumfundisha ujenzi, akatabasamu. Aliendelea kumenya mpaka nilipofika pale niliposema "Umefika". Hapo akaweka kisu.

"Eliseo alipokuuliza," akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kelele, hata kwa kile kisu. Yeye akasema, tena taratibu, kama anayezungumza na viazi:

"Meza aliibeba Eliseo. Mtoto alimwomba, 'Baba, nihamishie pale penye baridi,' akaibeba kichwani. Siku ya mazishi nikamwambia, wewe ndiye uliyempeleka pale. Akasema, 'Kweli, ni mimi.' Akaishi miaka kumi na minane baada ya hapo. Sikula naye meza moja. Alipougua alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa chumba cha pili, nafuma. Nikamwacha ananiita mpaka akanyamaza."

Hilo sikulijua, Digna. Mji mzima haukulijua. Nilikuwa naingia katika nyumba ile kila wiki na sikuona watu wawili wasioongea. Nilidhani ninabeba kifo kimoja.

Akaniambia nitoke. Nilitoka. Wiki sita hakufungua mlango wala hakuja kanisani. Mjini wakaanza kuulizana kama ufadhili upo. Nilisema mwulizeni doña Herminia, wengine nikawaambia sababu. Sasa wapo wanaovuka barabara wakiniona. Vijana wangu wa kazi bado wanakuja asubuhi, wananywa tereré nami, lakini hawanitanii tena. Kifua kimerudi vibaya. Silalamiki, nakueleza tu.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikasikia mtu anaita langoni. Ni yeye, na kofia ile ile ya kanisani.

"Vaa koti," akasema, "twende."

Tukatembea mpaka makaburini. Mara mbili nilisimama kuvuta pumzi, naye alisimama akaningoja bila kunitazama. Langoni akasema: "Mtoto wa dada yako aje Februari. Yeye hakutoa mirunda ya mtu. Nitamweleza mwenyewe yote, siku ya kwanza, akitaka kurudi kwao nitamlipia basi. Wewe kwangu hutaingia tena."

Nikasema ndiyo. Nikadhani yamekwisha, nikageuka.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Bado."

Akanipeleka mpaka kaburi la don Eliseo. Akasimama upande mmoja, mimi upande mwingine, akasema, "Mwambie."

Nimejenga nusu ya mji huu, nimesimama majukwaani miaka kumi na tisa, na hotuba yangu ya kwanza ikawa pale. Nikavua kofia. Nikamwambia, don Eliseo, uliniuliza kama muda umefika, nikakuambia umefika. Haukuwa umefika. Nilijua. Meza ulipoibeba uliipeleka mahali ambapo mimi nilikuambia ni salama.

Doña Herminia akasema, "Tena. Kwa sauti. Mwisho wake alikuwa hasikii vizuri."

Nikasema tena, kwa sauti.

"Basi, nenda sasa," akasema.

Nikamuuliza kama nimngoje langoni, maana jua lilikuwa kali na yeye ni mtu mzima. Akasema nisimngoje, angekawia. Nilipofika kwenye njia niligeuka mara moja. Alikuwa amekaa chini kwenye majani, kofia amevua, na alikuwa anaongea.

Kaka yako,
Crispín